Amana ya mama ilikomaa Machi, Sacco inamtaka asaini upya badala ya kumlipa. Tufanye nini?

Binti wa Mwalimu (mwanzisha uzi)

Wadau, nawasalimu. Mama yangu alifundisha shule za msingi hapa Nairobi hadi akastaafu. Malipo yake ya mkupuo yalipotoka alichukua shilingi 800,000 akaziweka kwenye Sacco ambayo amekuwa mwanachama wake tangu mimi niko shuleni. Ni amana ya muda maalum, miezi 12, riba asilimia 11 kwa mwaka. Alipewa cheti chenye muhuri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukomaa. Ilikomaa Machi mwaka huu.

Tangu hapo ni njoo kesho, njoo wiki ijayo. Mara mfumo umeharibika, mara meneja yuko mkutanoni. Baadaye wakamwambia waziwazi kwamba pesa hazijaingia kutoka kwa waajiri, awe na subira. Sasa wamezua jambo jipya. Wamempa fomu wanataka asaini ili amana iendelee kwa miezi 12 mingine kwa riba ya asilimia 13, na karani amemwambia asiposaini atawekwa nyuma ya foleni.

Mama ana dawa za presha za kununua kila mwezi. Nyumba aliyoianza nyumbani imesimama kwenye linta, mabati hayajanunuliwa, na fundi ameshahamia kazi nyingine. Hizi si pesa za ziada, ni jasho la maisha yake ya kazi.

Jina la Sacco silitaji, nataka alipwe, sitaki vita vya kuchafuliana. Ninachouliza ni viwili: asaini au asisaini? Na asiposaini, tubishe mlango gani? Mmoja anatuambia Benki Kuu, mwingine polisi, mwingine mahakama.

Konda wa 58

Asisaini. Pole kwa mama, lakini asisaini kabisa.

Duka la Kona

Jirani yangu hapa Donholm amesaini fomu kama hizo zaidi ya mara moja. Kila tarehe ikikaribia wanamwonyesha riba nono kuliko ile ya mwanzo. Riba imekua kwenye karatasi, mkononi hajaona hata ya nauli. Mwambie mama akae ngumu.

Wakili wa Mtaani

Binti, msalimie mama. Nimeshughulikia madai ya aina hii kwa muda mrefu, na naona ile fomu ni hatari kuliko hata kucheleweshwa kwenyewe.

Leo hii mama anadai deni. Cheti kinasema siku fulani atalipwa kiasi fulani, siku imepita, hajalipwa. Akisaini fomu mpya, deni lililoiva linageuka amana changa. Akienda kulalamika popote, wataitoa ile fomu na kusema huyu mama pesa zake zinakomaa mwaka ujao, na saini ni yake. Na watakuwa wanasema kweli. Hiyo asilimia 13 haina thamani yoyote ikiahidiwa na mtu aliyeshindwa kulipa ya 11.

Kabla ya lolote, soma fomu ya kwanza aliyojaza siku ya kuweka pesa. Huwa kuna sehemu ya maagizo ya siku ya kukomaa: zilipwe zote kwenye akaunti yake, au mtaji uendelee na riba ilipwe, au vyote viendelee. Taasisi nyingi huandika kwamba mteja asipotoa maagizo kabla ya tarehe, amana inaendelea yenyewe kwa riba ya siku hiyo. Kama kisanduku hicho ndicho kilichotiwa alama, wana hoja, na inabidi mjue mapema. Kama kimeandikwa alipwe, hoja hawana.

Halafu andika barua ya madai, kwa Kiswahili au Kiingereza, haijalishi. Taja namba ya uanachama, namba ya cheti, kiasi, riba, tarehe ya kukomaa, na useme wazi kwamba mwanachama hataki amana iendelee, anataka alipwe, na anadai riba kwa kila siku inayopita baada ya tarehe ile. Wape siku 14. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi na mama. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa posta iliyosajiliwa na kwa baruapepe, uweke risiti. Cheti halisi asimwachie mtu yeyote kaunta, hata akiambiwa ni cha kufanyia uhakiki. Apeleke nakala. Cheti kinatoka mkononi mwake siku pesa zinapoingia kwenye akaunti yake.

Binti wa Mwalimu

Asante sana, Wakili. Nimeiona fomu ya kwanza, alitia alama palipoandikwa alipwe mtaji na riba. Nimefarijika kidogo.

Sasa kuhusu Benki Kuu, kuna mtu ametuambia twende moja kwa moja Haile Selassie Avenue tukalalamike. Ni sawa?

Karani wa Ushirika

Mtawarudisha mlangoni bure. Benki Kuu ya Kenya husimamia benki na benki za mikopo midogo. Sacco ziko chini ya SASRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008. Ofisi zao ziko kwenye jengo la UAP Old Mutual, Upper Hill. Nimekaa kaunta ya Sacco nusu ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo nitaeleza nilivyoyaona kutoka upande wa pili wa kioo.

Jambo la kwanza, angalia kama Sacco ya mama ina leseni ya mwaka huu. Leseni ya kupokea amana hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja na huisha tarehe 31 Desemba, kisha SASRA huchapisha orodha mpya Januari. Iko kwenye tovuti yao na huwekwa magazetini. Kuna makundi mawili, na watu wengi huyachanganya. Kuna Sacco zenye leseni ya kupokea amana, zile zenye kaunta ya FOSA ambapo unaweka na kutoa kama benki. Halafu kuna zile ambazo hazina kaunta hiyo, zinakusanya akiba ya kukopea tu. Hizi za pili zilianza kuingia chini ya SASRA kwa kanuni za mwaka 2020, ikiwa akiba ya wanachama imezidi shilingi milioni 100. Zilizo chini ya hapo zinabaki kwa Kamishna wa Maendeleo ya Vyama vya Ushirika na maafisa wa ushirika wa kaunti.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu Sacco isiyo na leseni ya kupokea amana haina ruhusa ya kumuuzia mama yako amana ya muda maalum. Mkikuta jina halipo kwenye orodha ya kwanza, hayo si malalamiko ya kucheleweshwa tena. Mwandikieni SASRA siku hiyo hiyo.

Na mhakikishe pesa zenyewe ni za aina gani. Nimeona wazee wakilia kaunta wakidai "amana" kumbe ni hisa za mtaji, ambazo Sacco hairudishi, unaweza tu kumhamishia mwanachama mwingine. Nimeona wengine wakidai akiba ya BOSA, yaani ile ya kukopea, wakiwa bado wanachama, wakati akiba hiyo hurudishwa mtu anapojiondoa, kwa notisi ya siku 60, na akiwa hana mkopo wala hajamdhamini mtu ambaye hajamaliza kulipa. Kwa mama cheti kinaonyesha ni amana ya muda maalum, kwa hiyo hayo hayamhusu. Ila ulizeni kama amemdhamini mtu. Nawajua mameneja, hilo ndilo la kwanza watakalolitafuta wakipata barua yenu.

Binti wa Mwalimu

Amewahi kumdhamini mwalimu mwenzake, lakini huyo alimaliza kulipa kabla mama hajastaafu.

Karani wa Ushirika

Ombeni taarifa ya maandishi inayoonyesha dhamana yake imefunguliwa. Iambatanisheni na barua.

Msomaji wa South B

Nina swali kwa Karani. Sacco inawezaje kukosa 800,000? Hizi ni taasisi zenye majengo, matangazo ya redio na fulana za rangi kila mkutano mkuu.

Karani wa Ushirika

Swali lako ni zuri, na jibu lake ndilo linaloniuma.

Mwanachama anaweka pesa za miezi 12. Sacco inazikopesha mtu mwingine kwa miezi 48 au 72. Kila mwezi inategemea marejesho na akiba mpya ziingie ili ilipe zilizoiva. Hiyo ni kawaida, ndivyo hata benki zinavyofanya kazi, na ndiyo sababu kanuni zinaitaka Sacco inayopokea amana iwe na angalau asilimia 15 ya amana za akiba na madeni ya muda mfupi katika fedha taslimu au mali inayogeuzwa kuwa taslimu upesi. Kanuni hizo hizo zinasema ardhi na majengo yasizidi asilimia 5 ya mali yote ya Sacco. Sasa jiulizeni ni Sacco ngapi mmeziona zikinunua mashamba Kitengela na Kamulu, zikiahidi kugawa ploti. Ardhi haiuziki kwa wiki moja ili mama alipwe. Pesa zipo, lakini ni mawe na nyasi.

Halafu waajiri. Walichomwambia mama kuhusu waajiri kinaweza kuwa kweli. Mwajiri anakata mshahara wa mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya Sacco kisha hapeleki. Kaunti, vyuo vikuu na kampuni zimefanya hivyo, na malimbikizo yamefika mabilioni. Hata hivyo hilo ni deni kati ya Sacco na mwajiri. Mama hakusaini popote kwamba atalipwa mwajiri wa mtu mwingine akilipa.

La tatu ni KUSCCO, ule muungano wa Sacco. Sacco nyingi ziliweka pesa za wanachama wao huko, na ukaguzi wa kitaalamu uliofanywa na kampuni ya wakaguzi ya PwC ukaonyesha hasara ya shilingi bilioni 13.3. Sacco zilizokuwa na amana huko zimelazimika kuzihesabu kama hasara. Kwa hiyo kuna Sacco zinazomdanganya mwanachama kuhusu mfumo kuharibika kwa sababu nazo zina cheti cha amana ambacho hakijalipwa. Nawasikitikia wafanyakazi wanaowekwa kaunta kusema uongo huo, maana niliwahi kuwekwa hapo. Lakini viongozi wanaojua ukweli na kumficha mwanachama siwasikitikii.

Konda wa 58

Kwani hakuna bima? Nilisikia benki ikianguka serikali inakulipa.

Karani wa Ushirika

Benki, ndiyo. KDIC, shirika la bima ya amana, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana benki inapofungwa. Kabla ya Julai 2020 ilikuwa 100,000 tu. Inahusu benki na benki za mikopo midogo. Sacco haimo.

Sheria ya Sacco ya 2008 iliandika mfuko wa kuwalinda wenye amana, mwanachama alipwe hadi shilingi 100,000. Umebaki kwenye karatasi mwaka baada ya mwaka. Mamilioni ya Wakenya wameweka pesa zao za uzeeni kwenye Sacco wakiamini kuna mkono wa serikali chini yao, na kwa amana mkono huo haujawekwa. Kila mbunge anayesema anapenda ushirika angeanzia hapo.

Kijana wa Huruma

Naomba kuuliza langu hapa hapa, linafanana. Marehemu baba alikuwa na amana ya muda maalum katika benki moja ya hapa mjini. Tulipata cheti kwenye sanduku lake baada ya mazishi. Ilikomaa zamani sana. Benki inatuambia haina hizo pesa tena. Tumeibiwa?

Wakili wa Mtaani

Pole kwa msiba. Huenda hamjaibiwa. Kuna Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011. Amana ikikomaa na mwenyewe asionekane wala kuwasiliana na benki kwa miaka 5, inahesabiwa kuwa haijadaiwa, na benki inatakiwa kuipeleka UFAA, mamlaka iliyoundwa kuzitunza. Ofisi zao ziko Pacis Centre, barabara ya Waiyaki. Piga *361# kwenye simu utafute kwa namba ya kitambulisho cha baba. Pesa hizo hazipotei, mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai.

Itabidi muwe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Barua ya chifu ni ya kuanzia safari, haiwezi kulipia peke yake. Na jihadharini na madalali wanaojitokeza kusema watawasaidia kudai kwa asilimia fulani. Kudai ni bure.

Iandikieni benki iwape maandishi yanayoonyesha ni tarehe gani walizipeleka na kiasi gani. Wakishindwa kuonyesha walizipeleka, basi bado wanazo, na mnazungumza nao kama mdeni wenu.

Kijana wa Huruma

Nimepiga sasa hivi. Jina la baba limetokea. Sijui niseme nini. Asanteni, asanteni sana. Mama yetu nimempigia simu hata hajaamini.

Duka la Kona

Mungu ni mwema. Fuatilieni mirathi mkiwa pamoja kama familia, msiache mmoja aende peke yake.

Mpenda Haki

Mnaongea kwa upole sana. Hawa watu dawa yao ni moja: tukusanye wanachama wote ambao hawajalipwa, twende pale ofisini na kamera za televisheni, tufunge mlango. Wakiona aibu watalipa.

Karani wa Ushirika

Naelewa hasira yako, na kukusanyika ni haki yenu. Ila fikiria mbele kidogo. Siku habari ikienda hewani kwamba Sacco fulani hailipi, kesho yake wote walio na akiba watapanga foleni. Ile pesa kidogo iliyobaki itachukuliwa na wenye miguu mepesi na wanaojuana na meneja. Mama mstaafu mwenye presha hatakuwa mbele kwenye foleni hiyo. Imperial Bank ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama, Oktoba 2015, watu waliamka wakakuta milango imefungwa, na miaka ikapita wakisubiri sehemu tu ya pesa zao. Chase Bank ilifuata Aprili 2016. Benki ya SBM ilipoichukua mwaka 2018 ilibeba asilimia 75 ya amana, robo nyingine ikabaki kwa mrasimu. Na hizo zilikuwa benki, zenye bima.

Mpenda Haki

Kwa hiyo tunyamaze ili wasianguke? Ndivyo walivyotufikisha hapa. Wanategemea huo woga.

Karani wa Ushirika

Hapana, sikusema mnyamaze. Nasema wasioweza kukimbia wajilinde kwa maandishi kabla ya kelele kuanza. Na kama mko wengi, kuna njia ya kisheria ya kuwabana kama kundi: wanachama wa kutosha wanaweza kudai mkutano mkuu maalum, na wanaweza kumwomba Kamishna aagize uchunguzi wa vitabu vya chama. Uchunguzi ukionyesha kiongozi ametumia pesa vibaya, sheria inaruhusu atozwe azilipe kutoka mfukoni mwake. Hapo nitakuja na wewe, na nitabeba kiti changu.

Mpenda Haki

Hapo tunaelewana.

Fundi Simu Luthuli

Mimi shida yangu si Sacco. Niliweka 350,000 kwenye kampuni ya uwekezaji, waliahidi asilimia 18 kwa mwaka, mkataba umeisha na hawapokei simu. SASRA wananiambia hawawajui.

Wakili wa Mtaani

Hawawajui kwa sababu kampuni si Sacco. Tazama kama imesajiliwa na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na hasa kama ile bidhaa yenyewe uliyonunua imeidhinishwa. Hapo wengi walinaswa na miradi ya riba kubwa ya kampuni ya uwekezaji ya Cytonn. Ile High Yield Solutions haikuwa chini ya usimamizi wa CMA, malipo yakasimama mwaka 2021, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifilisiwe. Kampuni inaweza kuwa na mfuko mmoja ulioidhinishwa na mwingine ambao haujaidhinishwa, ofisi moja, nembo moja, karani mmoja.

Kwa kiasi chako, nenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, fomu zake ni za kujaza. Nenda na mkataba, uthibitisho wa kutuma pesa na barua yako ya madai yenye muhuri. Nenda mapema, kwa sababu kampuni ikishawekewa mfilisi utaingia kwenye orodha ya wanaodai, na madai yako yatasimama hapo. Ukishinda bado kuna kazi ya kukaza hukumu, yaani kuhakikisha unalipwa kweli, kwa hiyo anza kutafuta sasa wana akaunti benki gani na magari gani.

Binti wa Mwalimu

Wakili, na sisi basi si twende hapo Milimani? Ya mama iko chini ya milioni.

Wakili wa Mtaani

Hapana, na hapa ndipo watu hupoteza miezi. Mgogoro kati ya mwanachama na chama chake cha ushirika kuhusu shughuli za chama una mahakama yake, ile ya Vyama vya Ushirika, iliyowekwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika, sura ya 490. Sheria ya Sacco nayo inaelekeza huko huko. Ukifungua kesi kwingine, wakili wa Sacco atasimama siku ya kwanza aseme umekosea mlango, na atasikilizwa. Hata warithi wa mwanachama aliyefariki wanaenda huko. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

SASRA mwandikieni vilevile, sambamba. Hawatakaa kama hakimu kati ya mama na Sacco, lakini barua yenu inawaonyesha kwamba kuna amana zilizoiva hazilipwi, na wana uwezo wa kuingia, kukagua, hata kuondoa uongozi.

Kuhusu muda, msitishwe. Madai ya mkataba yana miaka 6 kwa Sheria ya Ukomo wa Madai. Na mdeni akikiri deni kwa maandishi yenye saini, hesabu ya miaka inaanza upya siku hiyo. Ndiyo maana barua yoyote ya Sacco inayosema "tunakiri tunakudai utuvumilie" iwekeni pamoja na cheti.

Duka la Kona

Wakili, umemaanisha "tunakiri unatudai", si ndiyo?

Wakili wa Mtaani

Ndiyo, asante mama. Unatudai.

Msomaji wa South B

Nyongeza kwa Binti: mkishalipwa, msishtuke mkikuta pesa ni pungufu ya hesabu ya kichwa. 800,000 kwa asilimia 11 ni riba ya 88,000. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 15 ya riba, yaani 13,200. Inabaki 74,800. Kwa hiyo siku ya kukomaa mama alistahili 874,800. Hiyo ndiyo iandikwe kwenye barua, pamoja na riba ya kuchelewa. Mkiandika 888,000 watasema hamjui mnachodai, na watatumia hilo kuwachelewesha tena. Wakishakata kodi, ombeni cheti cha kodi hiyo.

Binti wa Mwalimu

Wadau, narudi na habari. Mama hakusaini fomu. Tulipeleka barua kama mlivyoelekeza, yenye 874,800 na riba ya kuchelewa, na nakala tukaipeleka SASRA, Upper Hill. Karani wa mapokezi alisita kugonga muhuri, mama akamwambia kwa utulivu kwamba atakaa kwenye benchi hadi mwenye muhuri atoke. Ulitoka. Leseni yao ipo kwenye orodha ya mwaka huu, tumeangalia.

Kabla ya siku 14 kuisha meneja mwenyewe alipiga simu, na tumepokea barua yenye saini yake na ya mwenyekiti. Wanakiri deni la 874,800. Wanapendekeza kulipa kwa awamu 6, kila mwisho wa mwezi, awamu ya kwanza mwezi huu. Riba ya kuchelewa hawajaitaja. Mwishoni wameweka sentensi kwamba mama akisaini, makubaliano haya "yanamaliza madai yote" na arudishe cheti.

Mama anataka kukubali. Anasema mabati atayanunua kidogo kidogo. Mimi naogopa hiyo sentensi.

Wakili wa Mtaani

Mpe mama hongera zangu. Na una haki ya kuiogopa hiyo sentensi. Awamu akubali, ni uamuzi wa busara kwa Sacco iliyobanwa, lakini maneno yabadilishwe. Madai yaishe siku awamu ya mwisho inapoingia, si siku ya kusaini. Kiongezwe kifungu kwamba awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa mara moja na mama yuko huru kwenda Mahakama ya Vyama vya Ushirika bila notisi nyingine. Riba ya kuchelewa, ombeni. Wakikataa, mama aamue mwenyewe kama anaisamehe, ila isamehewe kwa maandishi baada ya kulipwa mtaji, isitumike kama chambo sasa. Cheti kisirudi hadi mwisho.

Karani wa Ushirika

Na awamu zilipwe kwenye akaunti yake ya benki, si akaunti yake ya FOSA ndani ya Sacco hiyo hiyo. Kuandika namba kwenye kompyuta yao hakumgharimu mtu kitu.

Binti wa Mwalimu

Hilo la akaunti hatukuliona. Tumeshaandika majibu, vifungu vyote vimeingia, na tumeweka namba ya akaunti yake ya benki. Mama ameyasoma mwenyewe mara mbili, akasahihisha tahajia, kisha akasaini. Tunayapeleka Jumatatu saa mbili asubuhi wakifungua. Awamu ya kwanza ikiingia, au isipoingia, nitaandika hapa hapa.

Konda wa 58

Tunasubiri.